Parkinson, kichwa cha alfajiri na mlio masikioni: mnaishije navyo?

Fundi Mkonge (Korogwe)

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mzee wa miaka 67, mstaafu wa kiwanda cha mkonge. Parkinson, huu ugonjwa wa kutetemeka, niligundulika nao 2021, ulianzia mkono wa kulia. Naandika mwenyewe kwa dole gumba la kushoto, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnisamehe, mkono ndio unaoruka, akili bado imetulia.

Kazi yangu ilikuwa kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Nilikuwa fundi wa kuifungua na kuifunga. Anayeijua anajua kelele yake, mkisimama karibu nayo mnaongea kwa mikono. Enzi zetu vya kuziba masikio havikuwepo, mwenye bidii alijisokomeza pamba basi.

Dawa yangu ni levodopa yenye karbidopa, kidonge cha 250/25. Nameza nusu asubuhi pamoja na chai, nusu mchana, nusu saa moja usiku. Nakata kwa wembe juu ya kifuniko cha kopo la kahawa, unga unaobaki naulamba, maana dawa yenyewe haipatikani kirahisi huku na bei yake mnaijua. Presha pia ninayo, nameza amlodipine kila asubuhi.

Kutetemeka tumeshazoeana. Kinachoninyima raha ni kichwa na masikio, na kila nikivitaja kwenye kliniki naambiwa "ni umri, mzee".

Kichwa kinakuja kwa namna mbili. Kuna cha alfajiri: naamka kabla ya adhana shingo imekaza, maumivu yanaanzia kisogoni yanapanda hadi utosini, na vidole vya mguu wa kulia vimejikunja chini vyenyewe, hata nikivinyoosha kwa mkono vinarudi. Nikishameza dawa, ikichelewa sana saa nzima, vidole vinanyooka na kichwa kinalegea. Halafu kuna cha kwenye saa nne asubuhi, nikiinuka kitini. Hicho kinashika shingo na mabega, macho yanaingia giza, nikijilaza chali kinaondoka.

Masikio yanalia yote mawili. Ni nyenje wa shambani wakati wa kiangazi, hawapumziki. Mchana nawasahau, usiku nyumba ikitulia ndipo wanapoanza mkutano wao.

Mwezi uliopita nilikwenda duka la dawa nikaeleza kizunguzungu na masikio. Kijana akanipa Stugeron, nimeze mara tatu kwa siku. Kizunguzungu kilipungua kidogo, sitaki kusema uongo. Lakini tangu hapo mkono umezidi, na miguu imeanza kuganda kwenye mlango wa choo. Mwili unataka kwenda, nyayo zimegoma.

Maswali yangu: huu ugonjwa umehamia masikioni? Niongeze levodopa iwe kidonge kizima? Na kichwa mnakituliza kwa nini? Mimi nameza Panadol karibu kila siku.

Binti wa Nyamagana (Mwanza)

Shikamoo baba. Pole sana.

Kabla ya yote, hiyo Stugeron. Mama yangu ana Parkinson, na yeye alipewa hiyohiyo kwa sababu ya kizunguzungu. Baada ya wiki kadhaa uso ukawa hauna tena tabasamu wala hasira, sauti ikashuka tukawa tunainama kumsikia, chai ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni. Sisi nyumbani tukasema ugonjwa umekomaa. Daktari wa mishipa ya fahamu alipoomba kuona dawa zote anazotumia, nilimmwagia mfuko mzima mezani. Akaichomoa ile paketi peke yake akaniuliza, "Hii nani kaandika?"

Naomba upige simu au uende kliniki kesho, usisubiri tarehe yako. Na levodopa usiiongeze kwa kukisia. Huwezi kujua kama dawa haitoshi wakati kuna dawa nyingine inaizuia.

Jambo la pili, hiyo habari ya kichwa ulivyoieleza ni nzuri mno, umeshafanya nusu ya kazi ya daktari. Mimi kwa mama nilichora daftari la shule: pembeni saa, kisha dawa, chakula, kichwa, miguu, usingizi. Siandiki hadithi, naweka tiki na neno moja. Daktari aliyekuwa anatupa dakika tano alikaa nalo akalifunua ukurasa kwa ukurasa. Ndipo ikaonekana kwamba shingo ya mama inauma dawa inapoisha nguvu, na siku akila mapema inauma zaidi.

Tena jingine, baba. Juu ya kadi yake ya kliniki nimeandika kwa kalamu nyekundu: ANA PARKINSON, ASIPEWE PLASIL WALA STUGERON. Alipougua malaria akawa anatapika, nesi alikuwa ameshavuta Plasil ya kuzuia kutapika kwenye sindano. Nilimwonyesha kadi, akaiweka chini, akaenda kuuliza. Hakukasirika hata kidogo.

Tabibu Asilia Original

Mzee hizo ni dawa za wazungu zinakumaliza. Masikio kulia ni jini anaita. Nina mchanganyiko wa mbegu za upupu na mizizi saba, Parkinson inakwisha kabisa, kichwa na masikio ndani ya wiki. Njoo inbox, natuma hadi mikoani.

Fundi Mkonge

Marahaba mwanangu wa Mwanza, Mungu akuzidishie. Stugeron nimeiweka juu ya kabati, kesho naenda.

Tabibu, jini anayeita masikio yote mawili kwa sauti moja tangu nilipokuwa kiwandani ana subira kunizidi. Asante.

Mfamasia Moro (Morogoro)

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mfamasia, si daktari wako, kwa hiyo haya yapeleke kwa anayekutibu.

Alichosema dada ni sahihi. Parkinson inatokana na kupungua kwa dopamini, kwa sababu seli zinazoitengeneza kwenye ubongo zinakufa. Levodopa unayomeza inageuzwa kuwa dopamini kichwani. Stugeron, ambayo kwenye boksi imeandikwa cinnarizine, inaziba milango ambayo dopamini hupitia kufanya kazi yake. Unaleta mgeni kwa mlango huu, unafunga ule. Hata mtu asiye na Parkinson, hasa mzee, akiitumia muda mrefu anaweza kuanza kukakamaa na kutetemeka, na ikiachwa inaweza kuchukua wiki hata miezi mwili kurudi. Kwa hiyo usikate tamaa miguu isipofunguka siku ya pili. Ndugu yake flunarizine, ambayo watu hupewa kuzuia kipandauso, ina tabia hiyohiyo. Plasil (metoclopramide) na Stemetil za kuzuia kutapika, na haloperidol ya magonjwa ya akili, nazo ni za kukaa nazo mbali. Kichefuchefu kikikusumbua ipo domperidone, ambayo kwa kiasi kikubwa haiingii kwenye ubongo, ila inataka daktari ajue hali ya moyo wako kwanza.

Huyo kijana wa dukani simlaumu sana. Kwa kizunguzungu na masikio, hiyo ndiyo dawa ya mazoea nchi nzima. Lakini mteja mwenye mkono unaotetemeka mbele yako lazima umuulize.

Vichwa vyako viwili naviona kama vitu viwili. Cha alfajiri, pamoja na vidole kujikunja, kinafanana na misuli kukaza dawa ya usiku ikiwa imeisha. Dozi yako ya mwisho ni saa moja usiku, na levodopa ya kawaida haidumu saa nyingi mwilini, kwa hiyo hadi alfajiri umelala bila kitu. Muulize daktari kuhusu kusogeza saa za dawa, au vile vidonge vinavyoachia dawa taratibu usiku. Hivyo vikipatikana visisagwe wala kutafunwa.

Cha saa nne kinanuka presha kushuka unaposimama. Parkinson yenyewe inafanya hivyo, levodopa inafanya hivyo, na amlodipine ya asubuhi inaongezea. Maumivu ya shingo na mabega yanayoondoka ukilala ni dalili inayojulikana ya hali hiyo. Jipime: lala dakika tano, pima, simama, pima baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, peleka karatasi hiyo kliniki. Amlodipine usiiache mwenyewe. Na levodopa usiikatishe ghafla hata kama umekasirika nayo, mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikaingia, hiyo ni dharura.

Unasema unameza pamoja na chai. Chai ya nini, mzee? Kama ni ya maziwa na maharage au mayai pembeni, protini inagombea njia moja na levodopa. Imeze na maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo vitenganishe nayo kwa saa mbili au zaidi.

Panadol ya kila siku nayo ni tatizo. Mtu anayemeza dawa za maumivu za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikaenda hivyo zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kinachosababishwa na dawa zenyewe. Na usizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Aspirini kwa dozi kubwa inaliza masikio, kwinini inaliza masikio, sindano za gentamicin zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Wazee waliomeza kwinini wanakumbuka ule mlio.

Sasa ya kukimbizwa hospitali bila kujadiliana. Kichwa kinacholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kupata. Kichwa chenye homa na shingo kugoma, au kutapika, au kona ya mdomo kushuka, au maneno kuchanganyika. Kichwa kilichoanza baada ya kuanguka, hata kama ni wiki kadhaa zimepita, maana wagonjwa wa Parkinson huanguka na damu inaweza kujikusanya taratibu chini ya fuvu. Kwa masikio: usikivu kupotea ghafla. Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda sawa na mapigo ya moyo, si wa kukimbilia usiku lakini usikae nao nyumbani bila kuchunguzwa.

Na huyu Tabibu nimjibu kwa sababu wengine watasoma. Upupu kweli una levodopa ndani yake, si uzushi. Ndiyo sababu ni hatari kwa mtu ambaye tayari anameza levodopa: kwenye unga wake hakuna anayejua umekula kiasi gani. Presha itashuka zaidi, mwili utaanza kujinyonganyonga. Hakuna dawa ya kumaliza Parkinson, ya hospitali wala ya mizizi.

Kaka wa Likoni (Mombasa)

Salaam aleikum ndugu yangu. Mimi Parkinson sina, ila hao nyenje ninao. Nilikuwa nikigonga kutu na kuchomelea vyuma kwenye meli, chuma ndani ya chuma, kelele haina pa kutokea.

Niliambiwa na daktari wa masikio hivi. Kelele ya kazi inaua vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti nyembamba. Ubongo ukikosa sauti hizo unaongeza volyumu, na kile unachosikia ni ile volyumu. Kwa hivyo si mwenda wazimu wewe, na si lazima kuwa ni Parkinson yako. Sikio lako limekuwa likidai deni la kiwanda muda mrefu, sasa umestaafu kumetulia ndio wausikia mlio wake.

Kwanza watazame nta. Usitie njiti za pamba, zasukuma ndani. Mimi nilitolewa donge na mlio ukapungua nusu siku ileile, ingawa haukwisha. Halafu upimwe usikivu ndani ya kile chumba kisicho na sauti, wakupe ile chati. Yangu ilikuwa imelala vizuri upande wa sauti nzito, ikifika nyembamba yaporomoka.

Usiku usilale kwenye kimya. Kimya ndicho chakula chao. Mimi nawasha feni hata kipupwe, naielekeza ukutani nisipigwe na baridi. Wengine radio chini kabisa, iwe chini kidogo kuliko mlio wenyewe, usiuzibe kabisa. Ukiuziba, ukizima radio waja juu. Na usikae ukiwasikiliza ili ujue kama wamepungua. Nimefanya hayo miaka, ni sawa na kuchokonoa kidonda.

Kilichonisaidia zaidi ni mashine ya masikio. Nikiivaa nasikia ndege na mke wangu, na nyenje wanarudi nyuma.

Fundi Mkonge

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimechelewa kwa sababu dole gumba nalo lilikuwa na siku zake.

Stugeron imeondolewa rasmi. Safari hii nilikutana na daktari mwingine, binti mdogo, akasoma daftari langu lote. Mjukuu alilichora kama alivyoelekeza mwanangu wa Mwanza, akaongeza na safu ya "babu amekasirika", ina tiki nyingi.

Presha tulipima nyumbani kwa mashine ya jirani. Nikiwa nimelala 148 kwa 86. Nikisimama dakika tatu, 112 kwa 70, na mjukuu ananishika kiuno. Daktari alipoona karatasi aliipima tena yeye mwenyewe, ikatoka karibu hivyohivyo. Amlodipine ameipunguza na kuihamishia usiku, kichwa cha kitanda tumekiinua kwa matofali, na sasa nakunywa maji bilauri nzima kabla ya kuinuka. Nakaa ukingoni, nachezesha visigino, ndipo nasimama. Cha saa nne kinakuja mara mojamoja siku hizi, na kikija hakina ubavu kama zamani.

Cha alfajiri: vya kuachia taratibu havikupatikana. Alichofanya ni kusogeza. Nusu ya usiku nameza karibu na kulala, na ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, naikuta imeshakatwa kwenye kisahani pembeni ya kitanda na maji. Nameza, nalala tena, nikiamka kuswali shingo imelegea. Chai na maharage vinasubiri. Mfamasia, ilikuwa chai ya maziwa, umenikamata.

Panadol ameniambia nisizidishe siku mbili kwa wiki. Siku za mwanzo kichwa kilinilipiza kisasi kweli, baadaye kikatulia. Maumivu yakianza naweka taulo la maji moto shingoni, na kuna mazoezi ya kurudisha kidevu nyuma na kushusha mabega niliyofundishwa na mtu wa viungo. Nayafanya nimeegemea ukuta. Niligundua nilikuwa natembea natazama miguu yangu siku nzima, halafu nashangaa shingo.

Miguu mlangoni bado inaganda, ila si kama mwezi uliopita. Mjukuu amebandika utepe mweupe sakafuni kwenye mlango wa choo, naukanyaga kama naruka mfereji. Nayo inakubali, sijui kwa nini.

Masikio: nta ilikuwepo, yote mawili, imetolewa. Nyenje wapo. Nimepimwa na chati imeporomoka kama ya ndugu yangu wa Likoni, na daktari wa masikio aliniuliza kazi niliyofanya kabla sijafungua mdomo. Radio usiku imesaidia kuliko nilivyotegemea. Naweka masafa mafupi katikati ya stesheni mbili, ule mvumo, mke wangu analalamika lakini naye siku hizi analala kabla yangu.

Nimeshauriwa shimesikio, hiyo mashine ya masikio. Kaka wa Likoni, hapo nina swali: ile betri yake nimeonyeshwa, punje ya dengu ni kubwa kuliko ile. Kwa mkono huu nitaibadilishaje?

Kaka wa Likoni

Usikubali zile ndogo za kuingia ndani ya tundu. Waambie wataka ya kukaa nyuma ya sikio. Betri za vifaa hivi zina rangi kwenye kibandiko, na rangi ni zilezile popote uendapo: ya njano ni namba 10, ya kahawia ni 312, hizo ndogo zitakutoa machozi. Tafuta inayotumia ya machungwa, namba 13, au ya buluu, 675, hiyo ndiyo kubwa. Kabla ya kuitia, bandua kibandiko ungoje dakika chache, yavuta hewa ndio ifanye kazi. Kuna kijiti chenye sumaku cha kuishikia, waulize wakupe. Badilisha juu ya taulo, ikianguka isibiringike.

Zipo pia za kuchaji, waziweka kwenye kiboksi chake usiku kama simu. Bei yake iko juu, lakini kwa mkono wako mimi ningeuza hata mbuzi.

Fundi Mkonge

Mbuzi ninao wawili, mmoja ana mimba. Alhamisi nakwenda Tanga mjini kuuliza bei ya zote mbili, nitaiweka hapa.